LEONARD HOWELL NA KIJIJI CHA MLIMANI

Kisiwa cha mbali

Jamaika ni kisiwa. Kiko katika bahari ya Karibi, ng'ambo ya bahari kubwa ya Atlantiki, mbali sana na Afrika. Lakini mtu wa kwetu akifika huko hatajiona mgeni sana. Watu wengi wa Jamaika ni weusi. Sokoni wanauza viazi vikuu, ndizi, mihogo na mbaazi. Milimani kuna mashamba madogo madogo, na jioni husikika ngoma.

Watu hao walifikaje huko? Hawakwenda kwa hiari yao. Babu zao waliuzwa. Waingereza walikiteka kisiwa cha Jamaika mwaka 1655, wakakifanya kisiwa cha miwa. Miwa ilitaka watu wengi wa kulima, kukata na kusaga. Basi merikebu zilileta watu kutoka Afrika ya Magharibi na nchi za Kongo, mamia ya maelfu ya watu, miaka zaidi ya 150.

Mtumwa alipofika Jamaika alipewa jina la bwana wake. Lugha yake haikumsaidia tena, maana jirani yake shambani alitoka kabila jingine. Watoto wake walizaliwa kisiwani, na wajukuu wake vile vile. Baada ya miaka mia moja mjukuu hakuweza kusema babu yake alitoka kijiji gani, wala mto gani, wala alikuwa mtoto wa nani. Alijua neno moja tu: Afrika. Na shuleni na kanisani alifundishwa kulionea aibu neno hilo.

Utumwa ulikomeshwa mwaka 1834, ingawa watu waliachwa huru kabisa mwaka 1838. Serikali ya Uingereza ilitoa paundi milioni 20 kulipa fidia katika makoloni yake. Ililipa nani? Iliwalipa mabwana, kwa kuwa wamepoteza mali yao. Watumwa wenyewe hawakupewa fedha wala ardhi.

Mtoto wa mkulima

Katika kisiwa hicho, katika wilaya ya Clarendon, alizaliwa Leonard Percival Howell. Alizaliwa tarehe 16 Juni, 1898. Baba yake alikuwa mkulima mdogo na fundi wa kushona nguo. Leonard alikuwa mtoto wa kwanza katika familia ya watoto wengi.

Wakati huo kazi ilikuwa haba Jamaika. Ardhi nzuri ilikuwa mikononi mwa wenye mashamba makubwa. Vijana walipanda meli kwenda kutafuta maisha. Wengi walikwenda Panama, ambako Wamarekani walikuwa wakichimba mfereji wa kuunganisha bahari mbili. Leonard naye aliondoka kwao akiwa kijana. Alifika Panama, kisha akaenda Marekani. Alifanya kazi ya upishi katika meli. Baadaye alikaa New York, katika mtaa wa Harlem, akafungua duka la chai.

Harlem ulikuwa mtaa wa watu weusi. Wengine walitoka mashamba ya pamba ya kusini, wengine walitoka visiwa vya Karibi. Jioni barabarani walisimama watu juu ya masanduku wakihutubia. Walikuwa wakijibu swali moja: sisi ni nani?

Majibu yalikuwa mengi. Katika mji wa Chicago alikuwako mtu aliyeitwa Noble Drew Ali, aliyefariki mwaka 1929. Yeye aliwafundisha watu weusi kwamba babu zao walikuwa Wamori, yaani watu wa Moroko, na kwamba dini ya babu zao ilikuwa Uislamu. Wafuasi wake walivaa tarbushi nyekundu. Waliongeza neno El au neno Bey mwisho wa majina yao, ili jina la bwana wa zamani lisisimame peke yake. Wenye elimu ya historia hawakubali kwamba wengi wa watu hao walitoka Moroko, na nadhani wana haki. Lakini mtu aliyenyang'anywa jina si ajabu akachukua lile linalompa heshima.

Jibu jingine lilitoka kwa Marcus Garvey. Yeye alikuwa Mjamaika kama Howell. Mwaka 1914 alianzisha chama cha kuunganisha watu weusi wa dunia nzima, kisha akakipeleka Harlem. Garvey aliwaambia watu waitazame Afrika kuwa ni kwao. Alinunua hata meli. Mambo ya meli yaliharibika, Garvey akafungwa, na mwaka 1927 serikali ya Marekani ikamrudisha Jamaika. Howell alikuwa ameyasikia maneno hayo yote.

Mfalme anavikwa taji

Tarehe 2 Novemba, 1930, jambo kubwa lilitokea Ethiopia. Ras Tafari Makonnen alivikwa taji katika mji wa Addis Ababa. Akawa mfalme wa wafalme, na jina lake likawa Haile Selassie. Mataifa makubwa yalituma wajumbe. Mfalme George wa Tano wa Uingereza alimtuma mtoto wake mwenyewe. Picha zilitoka magazetini, zikafika mpaka Jamaika.

Hebu tufikiri jinsi picha ile ilivyomwingia mkata miwa wa Jamaika. Katika maisha yake alikuwa hajaona mtu mweusi akiinamiwa na mtu yeyote. Sasa anaona mfalme mweusi, mwenye taji na farasi, na mtoto wa mfalme wa Uingereza amesafiri kwenda kumheshimu. Tena Ethiopia imetajwa katika Biblia, kitabu kilichokuwamo karibu katika kila nyumba ya Jamaika.

Howell alirudi Jamaika mwaka 1932. Alikuwa na umri wa miaka 34. Mwaka uliofuata alianza kuhutubia. Alianza Kingston, lakini watu wa mjini hawakumjali. Basi akaenda wilaya ya Saint Thomas, upande wa mashariki, kwenye mashamba ya miwa na migomba. Watu wa huko walikuwa maskini, lakini walikuwa na kumbukumbu. Mwaka 1865 wakulima wa huko waliinuka katika mji wa Morant Bay wakiongozwa na Paul Bogle, na serikali iliua mamia yao. Pia waliishi huko watu waliotoka Kongo baada ya utumwa kukoma. Hao walikuwa bado wanacheza ngoma iitwayo kumina kwa ajili ya wazee wao waliokufa.

Howell aliwaambia kwamba Haile Selassie ndiye Mungu aliyekuja duniani, na kwamba mfalme wao wa kweli si yule wa London. Jamii ya watu wa imani hiyo baadaye iliitwa Rastafari, kutokana na jina la Ras Tafari. Howell hakuwa peke yake. Wahubiri wengine wawili watatu walikuwa wakisema maneno kama hayo miaka hiyo hiyo. Lakini Howell ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza.

Wasomaji wengine wataona imani hiyo ni ngeni, wala Haile Selassie mwenyewe hakuwa na imani hiyo. Yeye alikuwa Mkristo wa kanisa la kale la nchi yake. Hapa hatusomi ili tupime imani ya watu. Tunasoma ili tujue yaliyowapata.

Wimbo wa taifa na picha ya shilingi moja

Mwezi wa Aprili mwaka 1933, Howell alifanya mkutano katika Saint Thomas. Walihudhuria watu 200 hivi. Polisi nao walikuwapo, wakiandika. Mwisho wa mkutano Howell aliwataka watu waimbe wimbo wa taifa, ule wa kumwombea mfalme wa Uingereza. Lakini kabla hawajaanza, aliwaambia wakumbuke kwamba hawamwimbii Mfalme George. Wanamwimbia Ras Tafari, mfalme wao mpya. Basi watu wakaimba wimbo ule ule, maneno yale yale. Polisi wangefanya nini? Waliandika tu.

Howell aliuza picha za Haile Selassie. Bei ya picha moja ilikuwa shilingi moja. Maelfu ya picha yaliuzwa. Serikali ilisema kwamba anawadanganya watu maskini kuwa picha hiyo ni pasi ya kusafiria kwenda Afrika. Huenda wanunuzi wengine waliamini hivyo. Shilingi moja ilikuwa fedha nyingi kwa kibarua wa shambani, na hapo sitaki kumtetea sana Howell. Hata Garvey hakupenda picha hizo ziuzwe katika mikutano yake.

Jambo lililoikasirisha serikali zaidi lilikuwa kodi. Ilisemekana kwamba Howell anawaambia watu wasimlipe kodi mfalme asiye wao. Alikamatwa. Mwezi wa Machi mwaka 1934 alishitakiwa kwa uchochezi mjini Morant Bay, mji ule ule wa Paul Bogle. Kesi ilisikilizwa na jaji mkuu wa kisiwa. Howell alijitetea mwenyewe. Alisimama mbele ya jaji akaeleza imani yake yote bila kuficha. Alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Mwenzake Robert Hinds alipata mwaka mmoja.

Mwaka 1935 kilitokea kitabu chake kidogo. Jina la mwandishi lilikuwa la Kihindi, Gangunguru Maragh. Msomaji atashangaa: kwa nini jina la Kihindi? Baada ya utumwa, Waingereza walileta vibarua kutoka India kulima miwa. Wahindi hao na watu weusi waliishi pamoja, wakala pamoja, wakafundishana. Watu wa Howell walizoea kumwita Gong kwa kifupi. Na bangi pia ililetwa Jamaika na Wahindi. Hata neno letu bangi lina asili ya huko India.

Mwaka huo huo wa 1935 Waitalia waliivamia Ethiopia. Watu weusi wa Jamaika waliumia kama vile imevamiwa nyumba yao wenyewe. Imani ya Rastafari ilizidi. Serikali nayo ilizidi kumwandama Howell. Mwaka 1938 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Katika makoloni mengi mtu aliyesema maneno ya namna hiyo aliweza kuitwa mwenda wazimu, na kesi ikaishia hapo.

Pinnacle

Howell alipotoka alikuwa amefikiri. Mahubiri ya barabarani yalimpeleka jela. Watu wake walikuwa wakifukuzwa kazi na kupigwa. Walihitaji mahali pao. Mwaka 1939 aliunda chama cha kusaidiana. Mwaka 1940 wakapata ardhi.

Ardhi hiyo ilikuwa shamba la zamani juu ya mlima, karibu na Sligoville, katika wilaya ya Saint Catherine. Ukubwa wake ulikuwa kati ya ekari 400 na 500. Paliitwa Pinnacle, maana yake kilele. Sligoville penyewe pana historia. Ndicho kijiji cha kwanza cha watu huru katika Jamaika, kilichoanzishwa na mchungaji wa Kibaptisti kwa ajili ya watu waliotoka utumwani.

Basi watu wakapanda mlima. Walikuja na majembe, mapanga, sufuria na watoto wao. Walijenga vibanda vya miti na udongo. Baada ya muda kijiji kilikuwa na mamia ya watu, na wengine husema walizidi elfu moja.

Walilima viazi vikuu, viazi vitamu, mihogo, ndizi na mbaazi. Walifuga. Walichoma mkaa na kuuza mjini. Mlima ule una mawe ya chokaa, nao walijenga tanuri wakachoma chokaa. Walioka mikate. Maji yalikuwa taabu, maana kilele hakina mto. Jioni ngoma zilipigwa, zile za kumina na nyingine, watu wakaimba mpaka usiku. Watu waliozaliwa pale wamesimulia uzeeni kwamba hawakujua njaa walipokuwa watoto. Walikuwa maskini, lakini chakula kilikuwapo, wala hakuna bwana shamba aliyekuja kuwahesabu asubuhi.

Walilima pia bangi, wakaiuza. Jambo hilo lilikuwa kinyume cha sheria ya kisiwa. Kwa wafuasi wengi bangi ilikuwa kitu cha ibada, lakini kwa kijiji ilikuwa pia zao la kuleta fedha. Hapo ndipo serikali ilipopata mlango wa kuingilia.

Howell mwenyewe aliishi katika nyumba kubwa iliyokuwa kileleni. Alivaa suti safi. Hakufuga nywele ndefu zilizosokotana, zile ambazo leo watu huzijua kuwa alama ya Rastafari. Alikuwa mtu mkali. Neno lake lilikuwa sheria. Alikaa na wanawake kadhaa, na wafuasi wengine walianza kumwona kuwa yeye mwenyewe ana uungu. Majirani walilalamika kwamba watu wa Pinnacle wanawapiga na kuwaambia waache kulipa kodi. Si maneno yote ya majirani yalikuwa ya uongo.

Polisi wanapanda mlima

Mwezi wa Julai mwaka 1941 polisi walipanda mlima kwa wingi. Walikamata watu 70 hivi. Howell aliponyoka, lakini alikamatwa siku chache baadaye. Alihukumiwa miaka miwili tena. Wakati yuko jela, kijiji hakikufa. Wanawake walilima, mkaa ulichomwa, watoto walikua. Howell alitoka mwaka 1943, akapanda mlima, maisha yakaendelea kwa miaka kumi na zaidi.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1954. Polisi walikuja wengi kuliko mara ya kwanza. Walikamata zaidi ya watu 100. Waling'oa bangi, wakachoma vibanda, wakaharibu vyakula. Baada ya hapo walirudi tena na tena, mpaka watu wakachoka kujenga upya.

Wakati huo Jamaika ilikuwa bado koloni, lakini serikali ya ndani ilikuwa ya Wajamaika wenyewe, waliochaguliwa kwa kura. Watu wote wazima walikuwa na haki ya kupiga kura tangu mwaka 1944. Polisi waliochoma vibanda wengi wao walikuwa weusi. Babu zao walikuja katika merikebu zile zile. 

Watu walishuka mlima. Wengi walikwenda Kingston, katika vitongoji vya mabati na maboksi karibu na jalala. Huko waliwafundisha vijana imani yao, ngoma zao na mapishi yao. Kama polisi wangewaacha kilimani, huenda Rastafari ingebaki dini ya kijiji kimoja. Sasa iliingia mjini, mahali penye redio na santuri.

Tarehe 21 Aprili, 1966, Haile Selassie mwenyewe alifika Jamaika. Uwanja wa ndege ulijaa watu, maelfu kwa maelfu, mpaka wakavunja mpaka wa polisi na kuizunguka ndege. Mfalme alisita mlangoni kabla hajashuka. Watu wengine wa Rastafari walikwenda kuishi Ethiopia, mahali paitwapo Shashamane, katika ardhi ambayo mfalme alikuwa ameitoa kwa watu weusi wa nje waliotaka kurudi. Wako wanaoishi huko hata sasa.

Miaka ya mwisho

Howell hakwenda Ethiopia. Alizeeka Jamaika. Aliendelea kukaa Pinnacle, karibu na magofu, miaka mingi baada ya watu wake kutawanyika. Kisiwa kilipata uhuru tarehe 6 Agosti, 1962, lakini bendera mpya haikumrudishia kijiji chake. Ilizuka kesi ya ardhi. Watu waliolima mlima ule miaka mingi waliulizwa karatasi. Nani alinunua? Nani alilipa, na hati iko kwa jina la nani? Wanakijiji walitoa shilingi zao kwa mkono, wakaamini. Howell alishindwa, akatoka mlimani akiwa mzee.

Alifariki Kingston mwanzoni mwa mwaka 1981. Alikuwa na umri wa miaka 82. Magazeti hayakuandika mengi. Miezi michache baadaye, tarehe 11 Mei, alifariki Bob Marley, mwimbaji wa Rastafari, na dunia nzima ilimlilia. Mwaka mmoja kabla ya hapo Marley alikuwa ameimba katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Wengi waliocheza nyimbo zake Afrika hawakuwa wamelisikia jina la Howell.

Ugomvi wa ardhi ya Pinnacle haukuzikwa naye. Watoto wake na wafuasi waliendelea kudai, wakaenda mahakamani tena, wakashindwa tena. Kilele kiligawanywa viwanja vya kuuza. Hatimaye sehemu ndogo ilihifadhiwa iwe kumbukumbu ya taifa. Mwaka 2022, miaka 41 baada ya kifo chake, serikali ya Jamaika ilimpa Leonard Howell nishani ya heshima.

Huko juu mlimani bado zimesimama kuta za nyumba yake, bila paa. Kila tarehe 16 Juni, siku aliyozaliwa, wako watu wanaopanda mlima na ngoma zao. Hupiga ngoma mpaka usiku, kisha hushuka.